Mnaoniomba mbegu za lile shamba: jibu langu

Mambo vipi watu wangu. Niko Columbus, Ohio, huku Marekani, kama kawaida. Tangu niweke zile picha za shamba, komenti ni ile ile: "Kaka, tutumie mbegu za wazungu." Wengine mnacheka, eti shamba gani hilo, pori tupu. Na yupo atakayesema najitapa. Jamani, mimi napanga maboksi ghalani usiku. Shamba ni la mzee ninayesali naye, alinikaribisha tu.

Ni upande wa Carroll, humu humu Ohio, alikokuwa akilima David Brandt, yule mzee wa ovaroli ambaye picha yake mnaitania sana mitandaoni. Aliacha kutifua shamba kwa plau tangu 1971, akafariki 2023. Mwenyeji wangu anafuata njia hiyo hiyo.

Alichukua bonge la udongo wake na bonge la jirani anayetifua kila mwaka, akayatumbukiza kwenye vyombo viwili vya kioo vyenye maji. La jirani likasambaratika pale pale, maji yakawa chai ya maziwa. La kwake likakaa. Tumepiga stori weee, bado bonge. Mizizi na viumbe vya udongoni hutoa kitu kama gundi kinachoshika chembe, na plau inaivunja. Ndiyo maana mazao yakishavunwa tu anapanda figili na jamii ya kunde, shamba lisikae uchi. Baridi ikiua figili, inaozea ardhini na kuacha tundu, mvua inaingia humo badala ya kutiririka. Hilo ndilo "pori" mnalolicheka. Dawa ya magugu bado anapiga, sitawadanganya.

Sasa pesa. Serikali inamchangia gharama za hizo mbegu, lakini ajaze fomu, asubiri, na malipo yanakuja kazi ikishakaguliwa. Kwanza anatoa mfukoni. Miaka ya mwanzo mavuno yaliyumba, aliponea kazi ya mkewe. Wewe unayetegemea gunia la mwaka huu kulipa ada, sikwambii uige. Mimi si bwana shamba, kila mtu na udongo wake.

Na mbegu situmi. Inatakiwa kibali cha kuziingiza nchini na cheti cha afya ya mimea. Niliulizia ofisi moja huko nyumbani, nikaambiwa nipige kesho, ile kesho yetu mnaijua. Isitoshe, sisi wa Songea tuna marejea, mmea wa jamii ya kunde wa kurutubisha shamba! Wamisionari wa Peramiho waliihimiza miaka mingi. Fiwi nazo, jamii hiyo hiyo ya kunde, zipo. Ila kwa kuwa hazijatoka Marekani, hamzitaki.

Nisiwaseme ninyi tu. Kaka yangu kila msimu ananidai hela ya trekta, halafu anachoma mabua yote, eti shamba lionekane safi. Mwaka huu nimetuma hela ya mbegu za marejea, ya trekta hapana. Kwenye grupu la familia wanasema nimefulia.