Kikulacho ki Nguoni Mwako: Moshi Ukishafika Kwenye Seli

ZUHURA: Karibuni tena kipindini. Mimi Zuhura, na mwenzangu Baraka kama kawaida amekuja na daftari lake la maswali.

BARAKA: Na la kwanza linanikera muda mrefu. Kila mtu anajua moshi ni mbaya. Ukiuliza mbaya vipi, unajibiwa "unaharibu mapafu". Sawa, unaharibuje? Moshi hauna meno.

ZUHURA: Meno hauna, ila unaingia mahali penye meno. Leo nataka tuone hilo: sehemu kubwa ya uharibifu huu mwili unaufanya wenyewe, kwa zana zake wenyewe, huku ukidhani unajilinda. Kikulacho ki nguoni mwako.

BARAKA: Usiniwahishe, dada. Tuanzie puani.

ZUHURA: Haya. Vumbi kubwa halina shida sana. Pua inalichuja, ute unalinasa, halafu vinyweleo vidogo vya njia ya hewa vinalipigia makasia hadi kooni, ukaliteme au ukalimeze. Tatizo ni zile chembe zinazoitwa PM2.5, zenye kipenyo cha mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa kichwani una mikromita 50 hadi 70 hivi, kwa hiyo chembe ishirini na ushee zinajipanga kwenye upana wa unywele mmoja. Hizo zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa pafu. Huko vinyweleo hakuna.

BARAKA: Nani yuko zamu?

ZUHURA: Makrofaji. Ni seli ya kinga ambayo kazi yake ni kula wageni. Inaimeza chembe, inaifungia kifukoni, inaimwagia vimeng'enya na kemikali kali. Angekuwa bakteria, kwisha habari yake. Lakini masizi ni kaboni, hayameng'enyeki. Seli inamwaga, inamwaga, zile kemikali zinaanza kumwunguza mwenyewe na majirani zake, na inatoa protini za kuita msaada. Wanakuja askari wengine, nao wanamwaga. Huo ndio mchochota.

BARAKA: Ule ule wa kidonda kuvimba na kuwa cha moto?

ZUHURA: Ule ule, ila wa kidonda unaisha. Huu kila siku unaletewa kuni mpya. Tena haubaki mapafuni. Protini zake zinaingia kwenye damu, damu inakuwa rahisi kuganda, kuta za mishipa zinaharibika. Ndiyo maana mtu anavuta hewa chafu kwa pua, halafu anaangushwa na moyo au kiharusi.

BARAKA: Hilo nilikuwa silijui. Siku zote nawaza kikohozi tu.

ZUHURA: Kikohozi ndicho kinachosikika. Na chembe haiji mikono mitupu, imebeba metali, chuma na shaba kwa mfano. Ndani ya seli, metali hizo zinageuza kemikali za kawaida kuwa radikali huru, molekuli zilizopungukiwa elektroni zinazopora za wenzao. Mafuta ya utando wa seli yanachacha, mitokondria zinazotengeneza nishati zinatoboka, hata DNA inachunika. Seli ina akiba ya kuzizima, inaitwa glutathioni, lakini akiba ni akiba, ina mwisho.

BARAKA: Kwa hiyo ninunue vile vidonge vya kuondoa radikali huru? Maana vimejaa matangazoni.

ZUHURA: Asante kwa kuuliza. Ufini walijaribu, utafiti ukatoka mwaka 1994. Waliwapa wanaume wavuta sigara vidonge vya beta-karotini, dutu ya kwenye karoti inayozima radikali huru. Jumla ya washiriki ilikuwa zaidi ya elfu 29. Waliomeza vidonge wakapata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiomeza.

BARAKA: Zaidi?

ZUHURA: Zaidi, kwa asilimia 18. Radikali hizo hizo mwili unazitumia kuulia wadudu na kutumiana ishara. Si takataka ya kufagia tu. Mimi hivyo vidonge sivinunui.

BARAKA: Nimeandika. Sasa saratani. Moshi unafikaje kwenye DNA?

ZUHURA: Hapa ndipo napenda. Mwaka 1775 daktari mpasuaji wa London, Percivall Pott, aliandika kwamba watu wanaosafisha mabomba ya moshi wanapata saratani kwenye ngozi ya mfuko wa korodani. Wengi walikuwa wameianza kazi hiyo wakiwa watoto wadogo, wanapenyezwa ndani ya bomba. Masizi yanakaa kwenye mikunjo ya ngozi miaka na miaka. Baadaye sana, miaka ya 1930, wanakemia wakatenga kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe dutu inayoitwa benzopairini. Imo katika moshi wa sigara, wa dizeli, wa kuni, na kila kitu kinachoungua nusunusu.

BARAKA: Hiyo ndiyo inayovunja DNA.

ZUHURA: Ndivyo watu wanavyodhani. Benzopairini yenyewe imelala, haigusi DNA. Lakini haiyeyuki majini, na mwili hauwezi kuitoa kwa mkojo mpaka iyeyuke. Basi vimeng'enya vya kusafisha sumu vinaanza kuichonga ili iyeyuke. Katikati ya kuchonga, kinatokea kitu chenye kunata vibaya mno, kinajibandika kwenye G, moja ya herufi nne za kemikali zinazoandika DNA. Seli ikija kujinakili, pale palipobandikwa inasoma T badala ya G.

BARAKA: Yaani msafishaji ndiye aliyenoa kisu!

ZUHURA: Umesema. Na kosa likiangukia kwenye jeni ya TP53, inayosimamia seli isigawanyike ovyo, mlango umebaki bila komeo.

BARAKA: Kwa hiyo hesabu ni rahisi: moshi, kosa, saratani.

ZUHURA: Ingekuwa rahisi hivyo. Watu wengi wanapata saratani ya mapafu bila kuvuta sigara hata moja, na uvimbe wao ukisomwa DNA, alama hizo za moshi mara nyingi hazipo. Mwaka 2023 kundi la Charles Swanton wa Taasisi ya Francis Crick, London, lilionyesha njia nyingine. Walichunguza vipande vya mapafu yasiyo na saratani, wakakuta karibu kimoja kati ya vitano tayari kina seli zenye kosa katika jeni ya EGFR, inayoiambia seli ikue. Makosa ya umri tu. Yamekaa kimya, hayamsumbui mtu.

BARAKA: Kama mbegu chini ya udongo mkavu.

ZUHURA: Na PM2.5 ndiyo mvua. Wakawavutisha hewa chafu panya wenye kosa hilo: makrofaji zikatoa protini ya mchochota, interleukini-1 beta, na seli zilizolala zikaamka zikaanza kuwa uvimbe. Walipoizuia protini hiyo, uvimbe ukapungua. Chembe haikuhitaji kuigusa DNA kabisa.

BARAKA: Umeniharibia siku. Na kemikali zisizo za hewani?

ZUHURA: Nitasema ya risasi, madini ya risasi, kwa sababu inatumia ujanja tofauti: inajifanya jamaa. Seli ina milango ya kalsiamu, risasi inafanana nayo vya kutosha, inapitishwa kwa heshima zote. Ubongo wa mtoto unajijenga kwa ishara za kalsiamu, kwa hiyo unaweza kufikiria vurugu yake. Kadimiamu, metali nyingine yenye sumu, inajipenyeza vivyo hivyo mahali pa zinki. Na ile BPA ya kwenye baadhi ya plastiki inakalia kiti cha homoni ya estrojeni.

BARAKA: Risasi si waliitoa kwenye petroli?

ZUHURA: Kwa magari ya barabarani, nchi ya mwisho ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Juzi tu. Ilianza kuchanganywa miaka ya 1920.

BARAKA: La mwisho. Mtu akihama kwenye moshi, seli zinapona?

ZUHURA: Baadhi, na kwa kweli inashangaza. Mwaka 2020 watafiti walipima seli za njia ya hewa za watu walioacha sigara. Kwa wengine hadi asilimia 40 zilikuwa karibu kama za mtu asiyewahi kuvuta, mara nne zaidi ya wale wanaoendelea. Seli safi zilikuwepo, zikapata nafasi ya kuongezeka.

BARAKA: Afadhali. Na risasi nayo inatoka?

ZUHURA: Damuni inapungua kwa wiki chache. Lakini nyingi inakuwa imeshahamia kwenye mifupa, kwenye kiti cha kalsiamu, na huko inakaa miongo. Mfupa ukianza kutoa kalsiamu yake, wakati wa ujauzito au uzeeni, risasi inatoka nayo.

BARAKA: Wakati wa ujauzito?

ZUHURA: Ndiyo. Inavuka kondo la nyuma, inamfikia mtoto, hata kama mama aliipata akiwa mtoto yeye mwenyewe.