Ukoo wa Uskoti na Ayalandi: Daftari Lenyewe Liko Wapi?

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Watu wakitaka kufuatilia wazee wao wa Uskoti au Ayalandi huuliza kwanza, "Niingie tovuti gani?" Naomba tuanze na swali jingine: daftari lenyewe liko wapi, na tovuti hii iko mbali kiasi gani na daftari hilo?

Karani aliandika jina la babu mwaka 1861. Hilo ni daftari. Daftari likipigwa picha, bado unaona mwandiko wa karani yule yule. Mtu akiisoma picha na kuchapa alichokiona, umepata nukuu, na tayari macho ya mtu wa pili yameingia kati. Yakichujwa humo majina, miaka na wilaya tu, umepata faharasa. Kisha anakuja mtu wa nne, anachukua faharasa na kuchora mti wa ukoo. Kila hatua ina mahali pake pa kukosea: herufi iliyofifia, jina la kijiji lisilofahamika, mtoto wa binamu akawekwa chini ya baba asiye wake. Faharasa kazi yake ni kukufikisha kwenye picha. Usiishie hapo.

Kwa Uskoti njia imenyooka. Tovuti ya ScotlandsPeople inaendeshwa na National Records of Scotland, taasisi ile ile inayotunza madaftari. Kujiandikisha ni bure, kutafuta katika faharasa ni bure, unalipia kuona picha. Malipo ni kwa krediti unazonunua kabla: picha moja ya usajili wa kuzaliwa, ndoa au kifo huchukua krediti 6, yaani pauni 1.50. Picha hufunguliwa baada ya miaka 100 kwa waliozaliwa, 75 kwa ndoa na 50 kwa vifo. Kwa hiyo ukiliona jina kwenye faharasa na picha haifunguki, tovuti haijaharibika, muda ndio haujafika. Hapo utaagiza cheti rasmi.

Usajili wa lazima Uskoti ulianza tarehe 1 Januari 1855, na nchi chache ziliandika mambo mengi kiasi hicho. Cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, na mama kwa jina la ukoo aliozaliwa nao. Cheti cha kuzaliwa kinataja tarehe na mahali wazazi walipooana, isipokuwa kati ya 1856 na 1860, ambapo safu hiyo iliondolewa. Anza na kifo, rudi kwenye ndoa, kisha kuzaliwa. Ila kabla hujakiamini cheti cha kifo, soma nani alitoa habari. Mtoto wa marehemu huenda alimjua bibi yake. Mkwe au jirani mara nyingi alikisia, na karani akaandika alichoambiwa. Mama aliyetoa habari za kuzaliwa kwa mwanawe ni shahidi mwenye nguvu kuliko mkwe aliyetaja jina la mtu aliyekufa miaka 40 kabla yake.

Jambo moja linawachanganya wengi: mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina lake la ukoo kisheria alipoolewa. Katika faharasa ya vifo anaweza kupatikana kwa jina la kuzaliwa na pia la mume. Ukishindwa na moja, jaribu la pili. Na majina ya Mac yaliandikwa kila namna, Mac, Mc, M', na karani hakuona tofauti. Tumia alama ya nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo: M*kay italeta yote matatu.

Nyuma ya 1855 mambo hubadilika. Hapo mnategemea rejista za parokia za Kanisa la Uskoti. Kongwe kuliko zote ni ya Errol, ya 1553, lakini parokia nyingi zinaanza baadaye sana, na mazishi hayakuandikwa kwa uangalifu. Tena kumbukeni kwamba katika ndoa, mara nyingi kilichoandikwa ni tangazo la kanisani, si ndoa yenyewe. Tangazo lilisomwa parokia ya bwana na parokia ya bibi, hivyo jozi moja inaweza kuonekana mara mbili kwa tarehe mbili. Wapo watafiti walioiandika jozi hiyo kama jozi mbili tofauti.

Kisha kuna mgawanyiko wa 1843, Kanisa Huru lilipojitenga na Kanisa la Uskoti. Mchukueni Alexander Mackay, mhandisi na mmisionari anayekumbukwa sana Buganda. Alizaliwa Rhynie, Aberdeenshire, Oktoba 1849, baba yake akiwa mchungaji wa Kanisa Huru. Alifariki Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria, katika Tanzania ya leo, Februari 1890. Tazameni maisha hayo yanavyotawanya karatasi. Cheti cha kuzaliwa hakipo, kwa kuwa usajili ulikuja miaka mitano baadaye. Rejista ya parokia ya kanisa la taifa si mahali pa kumtarajia mtoto wa mchungaji aliyejitenga nalo. Pa kumtafuta utotoni ni sensa ya 1851. Daftari la vifo la Uskoti nalo si la kutegemea, maana hakufia huko. Na waliomtuma ni Church Missionary Society, chama cha Uingereza, ambacho kumbukumbu zake ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Aliye na Mskoti katika ukoo wake hapa Afrika Mashariki, awe mmisionari, daktari au fundi wa reli, aulize mapema: alifia wapi, na aliajiriwa na nani? Majibu hayo ndiyo yatakayomwambia afungue hifadhi ipi.

Sasa Ayalandi, ambako panahitaji subira zaidi.

Mtaambiwa kwamba kila kitu kiliungua. Si kweli, na uvumi huo umewakatisha tamaa watu bila sababu. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya taifa iliyokuwa Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Zilipotea karibu sensa zote za 1821 hadi 1851, wasia, na rejista nyingi za Kanisa la Kianglikana la Ayalandi. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimeshaharibiwa kwa amri ya serikali, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa uhaba wa karatasi. Lakini madaftari ya usajili wa kiserikali yapo, rejista za Kikatoliki zipo, na sensa kamili za 1901 na 1911 zipo, bure kwenye tovuti ya National Archives of Ireland. Mtu akikuuzia sensa kamili ya Ayalandi ya 1881, ondoka. Na kwa mabaki ya kilichoungua, nakala zilizokusanywa kutoka hifadhi nyingine zinaonekana bure kwenye Virtual Record Treasury of Ireland, iliyofunguliwa Juni 2022.

Usajili huko ulianza na ndoa za wasio Wakatoliki, 1 Aprili 1845. Kuzaliwa, vifo na ndoa zote zilifuata 1 Januari 1864. Picha zinapatikana bure kwenye irishgenealogy.ie, kwa kanuni ile ile ya miaka 100, 75 na 50. Kaunti sita za kaskazini zimo mpaka nchi ilipogawanywa. Baada ya hapo nenda General Register Office for Northern Ireland, na huko unalipa. Faharasa inakupa wilaya ya usajili tu, eneo kubwa lenye vitongoji vingi. Picha ndiyo inayotaja kitongoji, na kitongoji ndicho ufunguo wa utafiti wote wa Ayalandi. Tahajia ikikutatiza, logainm.ie ina majina rasmi, Kiingereza na Kiairishi.

Tarehe za kuzaliwa zishikeni kwa tahadhari. Kuchelewa kusajili mtoto kulitozwa faini, basi wazazi walisogeza tarehe mbele. Ndiyo maana utakuta mtoto "amebatizwa" kabla ya "kuzaliwa". Amini ubatizo. Umri nao vivyo hivyo: sheria ya pensheni ya 1908 ilimpa posho aliyetimiza miaka 70, na watu wengi wamezeeka zaidi ya miaka kumi kati ya sensa ya 1901 na ya 1911. Wengine walijiongezea miaka, wengine ndipo walipolazimika kuijua kwa mara ya kwanza. Fomu ya 1911 ina faida nyingine kubwa: mwanamke aliyeolewa anaonyeshwa miaka ya ndoa, watoto aliozaa na walio hai. Hesabu hiyo itakuonyesha watoto waliofariki ambao familia haiwataji.

Rejista za Kikatoliki, hadi takriban 1880, ziko bure kama picha kwenye registers.nli.ie ya National Library of Ireland. Ni picha tu, hazina faharasa. Unachagua parokia kwenye ramani, kisha mwezi, kisha unasoma. Nyingi ni za Kilatini: Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Andika pia majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi walikuwa shangazi na wajomba.

Kwa miaka ya katikati ya karne ya 19, kuna Uthamini wa Griffith wa 1847 hadi 1864, orodha ya ardhi na majengo iliyotengenezwa kwa ajili ya kodi, bure kwenye askaboutireland.ie. Unaorodhesha aliyeshika ardhi, si familia yake. Kumkuta John Murphy kitongojini hakutoshi kusema ni wako, mpaka rejista ya parokia imweke mahali hapo hapo.

Miti ya ukoo iliyopandishwa na watu kwenye Ancestry, FamilySearch na kwingine ichukuliwe kama fununu. Fungua chanzo kilichotajwa. Kikiwa ni mti mwingine, hakuna chanzo. Na zile nembo zinazouzwa kwa jina la ukoo msizinunue: Uskoti nembo ni mali ya mtu mmoja mmoja, chini ya mahakama ya Lord Lyon inayosimamia nembo, wala ukoo mzima hauimiliki.

Kabla ya kulipia uanachama wa tovuti yoyote, soma orodha ya kilichomo. RootsIreland, tovuti ya kulipia yenye nukuu za rejista za Ayalandi, inaonyesha, kaunti kwa kaunti, parokia zipi zimenukuliwa na miaka gani. Kama parokia yako haimo, pauni zako hazitalileta jina hilo, na kutolipata hakumaanishi kwamba babu hakubatizwa.