Steve Tikolo: sifa za shabiki

Nashukuru kwa mwaliko. Mmeniomba nizungumzie nahodha mmoja wa kriketi wa Kenya ambaye kustaafu kwake kuliniuma, na naona kwenye nyuso zenu mmeshabashiri ni nani. Ndiye, Steve Tikolo. Msitarajie haki sawa kwa wote jioni hii. Mimi ni shabiki.

Wengi wakimtaja huanzia 2003, Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mimi naanzia Kandy, Sri Lanka, kwenye Kombe la Dunia la Machi 1996, siku tuliyochapwa. Sri Lanka walifunga mbio 398 katika ova 50 (kila ova ni mipira sita), rekodi ya dunia wakati ule, na siku chache baadaye wakatwaa kombe lenyewe. Timu changa ikipewa hesabu ya namna hiyo huingia uwanjani ili jua lizame tu. Tena sisi tulikuwa na kisingizio kizuri cha kuridhika: juma hilohilo, chini ya Maurice Odumbe, tulikuwa tumewaangusha West Indies kule Pune. Tikolo akapiga 96. Tuliishia 254, lakini mtu yule alicheza kama anayeamini kwamba 398 zinafikika, na hapo ndipo aliponinasa.

Alipoiongoza Kenya kwenye Kombe la Dunia la 2003, timu yake ilikuwa karibu ukoo: kina Obuya ndugu, kina Suji ndugu, naye mwenyewe mdogo wa Tom Tikolo aliyewahi kuwa nahodha wa Kenya. Tarehe 24 Februari, Nairobi Gymkhana, dhidi ya Sri Lanka, tulipata 210, sitini kati ya hizo zikiwa za Kennedy Otieno. Mrushaji wao Muralitharan alitutafuna wiketi nne, yaani aliwatoa wapigaji wetu wanne. Kulinda 210 dhidi ya wapigaji kama Jayasuriya na Aravinda de Silva ni kazi ya roho ngumu, na nahodha mwoga angetafuta mikono mizoefu. Tikolo alimwamini Collins Obuya, kijana wa miaka 21 anayezungusha mpira, aina ya urushaji ambayo siku ikiwa mbaya huadhibiwa vibaya sana. Obuya akaondoka na wiketi tano, akiruhusu mbio 24 tu. Sri Lanka wote nje, 157.

Najua mtasema New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama, tukapewa pointi za bure. Kweli, zilitubeba. Lakini Sri Lanka walikuja, na Zimbabwe tuliwakuta Bloemfontein tukawashinda tukiwa bado na wiketi saba mkononi. Hakuna aliyetugawia hizo. Nusu fainali Durban, tarehe 20 Machi, India walituzidi, nahodha wao Ganguly akipata mbio zaidi ya mia. Katika 179 zetu, 56 zilikuwa za nahodha, nyingi kuliko za mwenzake yeyote.

Kilichofuata kinanikasirisha mpaka leo. Timu iliyofika nusu fainali ya dunia ilikosa mechi. Mwaka 2005 hatukucheza hata moja ya kimataifa ya siku moja! Ndani nako kulikuwa na mizozo ya malipo kati ya wachezaji na chama cha kriketi. Miaka ambayo mpigaji huwa kwenye kilele chake, yeye aliimaliza akingoja ratiba. Ndiyo maana mtu akinionyesha wastani wake wa mbio na kuulinganisha na wa vijana wa Australia, huwa namuuliza: hao wenzake walicheza mara ngapi, na dhidi ya nani?

Aliaga Kombe la Dunia katika uwanja wa Eden Gardens, Kolkata, India, 20 Machi 2011, miaka minane kamili tangu Durban, akiwa na miaka 39. Alipata 10 tu na Zimbabwe wakatushinda vibaya. Lilikuwa kombe lake la tano. Baadaye Uganda wakamchukua awe kocha wao, na kwa hilo nawaonea wivu.

Basi, maswali. Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipomtaja Odumbe, na naona anataka kuniambia Odumbe alikuwa nahodha bora zaidi. Karibu mzee, lakini jiandae, nitabisha.