Alhamisi sokoni Devizes

Jamani mnanisikia? Upepo wa leo balaa, maiki nimeifunika na skafu. Niko Devizes, mji mdogo wa Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza. Leo Alhamisi, siku ya gulio, ndiyo maana kuna hizo kelele.

Tazameni huu mnara wa mawe katikati ya soko. Wa mwaka 1814. Upande mmoja umejaa sifa za mheshimiwa aliyetoa hela ya kuujenga, huo tuuruke. Zungukeni huku. Huku kumeandikwa habari za mama wa sokoni!

Tarehe 25 Januari 1753, nayo Alhamisi, Ruth Pierce wa kijiji cha Potterne alichangishana na wenzake watatu wanunue gunia la ngano. Sawasawa na mama zetu pale Mgandini, Tanga, wanavyochangia gunia la maharage wakagawane. Kuhesabu, hela pungufu. Wakamgeukia Ruth. Akaapa: nimeshatoa, kama sijatoa nife hapa hapa! Akarudia tena. Akaanguka, akafa. Kumfungua kiganja, hela ile pale.

Mimi nasema ni moyo ulishtuka kwa hofu ya kuumbuka. Bibi yangu hatanielewa kabisa.

Haya, tushuke mferejini. Huu ndio Kennet and Avon, uliounganisha njia ya maji ya London na Bristol. Tatizo lilikuwa hiki kilima, Caen Hill. Boti itapandaje? Injinia John Rennie akaweka vyumba 29 vya maji, 16 vimepangana kama ngazi. Boti ikiingia unafunga geti nyuma yake, unafungulia maji ya juu, chumba kinajaa, boti inainuka polepole. Ukimaliza, unahamia cha pili. Kazi ilikamilika 1810, makaa ya mawe yakawa yanapita hapa kwa mashua.

Halafu reli ikaja. Mwaka 1852 kampuni ya reli ikaununua mfereji wenyewe, na biashara ikafifia hadi mageti yakaoza. Watu wa kujitolea wamehangaika miaka mingi kuufufua, Malkia Elizabeth akaja kuufungua 1990.

Mzee huyu mwenye boti ya kijani anasema kilima kizima ni masaa matano, sita. Nimemsaidia kusukuma boriti la geti mara nne tu, mgongo unalia. Ananiita tena huyo. Ngoja niweke simu kwenye majani, mtaniona miguu tu.