Sikwensa Isikie Mkono wa Kushoto
(Mhadhara kwa wapiga kinanda, Nairobi)

Ndugu zangu wapiga kinanda, wa kanisani na wa bendi, asanteni kwa kuja. Fundi wa mitambo, naomba uniongezee besi kidogo kwenye spika hii. Hapo. Shukrani.

Nianze na Jumapili moja Kayole. Nilikuwa nimekesha nikipanga wimbo wa sifa kwenye sikwensa (kirekodi cha ndani) ya wokisitesheni yangu, kinanda cha kutungia muziki: ngoma, besi, gitaa mbili, tarumbeta. Asubuhi nikabonyeza kitufe, waimbaji wakaingia, watu wakasimama. Kisha kiongozi wa sifa akaguswa, akarudia kiitikio. Sikwensa haikurudia. Iliendelea na safari yake, besi ikaenda F huku kanisa zima likiwa bado C. Niliizima, nikamalizia kwa sauti ya piano peke yake, mikono ikinitetemeka.

Rafiki yangu aliyekuwa akipiga mtaa wa pili alikuwa na arenja, kinanda chenye bendi ya kumsindikiza mpigaji. Kiongozi wake angerudia kiitikio mara kumi, naye angeshikilia kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mkono wa kushoto tu, bendi yote iliyomo ndani ya kinanda ikimfuata. Lakini ukitega sikio vizuri, ile bendi haikuwa ya kwetu. Ilijua polka, bosanova na cha-cha. Benga haikuijua, na sebene yake ilikuwa rumba iliyoongezwa kasi.

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Sikwensa inafundishika, ila haisikii. Arenja inasikia, ila kuifundisha ni kazi. Watu wanaposema "tuunganishe wokisitesheni na arenja", wengi hudhani ni kurundika sauti nyingi ndani ya boksi moja. Mimi nasema kiungo chenyewe ni kimoja: ninachokirekodi mwenyewe kifuate mkono wangu wa kushoto.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1988 Korg walitoa M1, yenye funguo 61, sauti 16 kwa wakati mmoja na sikwensa ya traki 8. Mwaka 1993 kampuni hiyohiyo ikatoa i3, iliyosikiliza kodi kama arenja na bado ikakuachia sikwensa. Ilikuwa njia nzuri. Hata hivyo, soko likagawanyika: Yamaha wakatoa Motif mwaka 2001 kwa watu wa studio, na Tyros mwaka 2002 kwa anayepiga peke yake. Korg Kronos ya 2011 ina KARMA, mfumo unaotunga vijisehemu vya muziki kufuata kodi unazopiga, nayo Genos2 ya 2023 imeingiza sauti za FM (wimbi moja la sauti likiyumbisha jingine) kwenye arenja. Pande mbili zinasogeleana, polepole mno kwa maoni yangu.

Sasa tushike kitu chenyewe. Staili ya arenja ni vipande vifupi: utangulizi, variesheni (mdundo mkuu), fili (kipande cha kuunganisha), mwisho. Katika vinanda vya Yamaha kila kipande kina sehemu nane, mbili za ngoma na midundo, moja ya besi, zilizobaki za kodi na virembo. Unarekodi kwa kodi moja ya msingi, kwa kawaida C meja 7. Ukipiga kodi nyingine, kinanda hakibadilishi sauti, kinahamisha noti kwa kanuni.

Sikilizeni besi hii ya benga. Do, mi, so, la, kisha inarudi ikikimbia. Kwenye C meja iko sawa. Sasa naenda C maina, kodi yenye sauti ya huzuni. Ile mi imeshuka hadi E flati, vizuri. Lakini la? Kulingana na kanuni niliyoichagua, inabaki A au inashuka A flati, na benga ikishukiwa noti hiyo inageuka kuwa kitu kingine kabisa. Narudia, polepole. Mmesikia? Ndiyo maana staili nyingi za kienyeji tunazopeana kwa flashi zinapendeza kwenye meja na kuchacha kwenye maina. Aliyezitengeneza si mvivu. Alirekodi mara moja akaiachia kanuni kazi yote.

Vinanda vya Korg Pa vinatoa nafasi nyingine: variesheni moja inaweza kubeba hadi mifumo sita tofauti ya kodi. Kwa hiyo unarekodi besi ya meja, halafu ya maina, halafu ya kodi ya saba, kila moja kwa vidole vyako. Ni kazi ya jioni mbili tatu. Gitaa la solo nalo lipewe uangalifu uleule, kwa kuwa katika benga ndilo linalomjibu mwimbaji.

Wale wa mugithi, mnaosimama na gitaa moja baa nzima ikicheza, nyinyi mnalijua hili kuliko mimi. Mdundo wa kinanda ukikosea, hakuna mpiga ngoma wa kumkonyeza.

Kwa hiyo mkienda Luthuli, ule mtaa wa maduka ya vifaa vya elektroniki hapa Nairobi, kununua, msianze kuuliza kina sauti ngapi. Mwambieni muuzaji akiwashe. Tafuteni ukurasa wa kutengeneza staili, mrekodi besi ya mapigo manane palepale dukani, kisha mpige maina. Halafu ifungueni sauti ya gitaa mwone kama mnaweza kurekebisha inavyoanza na inavyofifia, au kinanda kinawaruhusu kupandisha na kushusha volyumu tu. Angalieni pia kama kinapokea sampuli zenu wenyewe, yaani sauti mlizozirekodi za ala kama nyatiti, orutu, kayamba. Kinanda kikikataa hayo matatu, bei yake iwe ya arenja tu.

Nimebakiza dakika chache. Wewe dada wa safu ya mbele, njoo, tafadhali. Keti hapa. Staili ni ile benga, besi ya maina nimeirekodi mwenyewe juzi usiku. Anza C, nenda A maina, kisha popote unapotaka, usiniambie.