Birika la Kassim

KASSIM: Tunarekodi? Haya karibuni jamani, mi Kassim, niko na fundi wetu dada Zuhura kama kawaida, na leo kaja na karatasi, kaandika mambo matano ya kukinga turbo ya gari la dizeli, ile feni inayozungushwa na moshi wa injini ili isukume hewa ndani. Lakini dada kabla hujaifungua hiyo karatasi lazima niwasimulie watu yaliyonikuta wiki hii.

ZUHURA: Simulia. Ila usinile dakika zote, kipindi kilichopita tulisema tutaongelea filta ya dizeli na hatukuigusa.

KASSIM: Dakika tatu tu. Usiku, napanda mlima, gari imejaa mzigo, niko gia ya tatu nimekanyaga. Nikasikia "puf!", kama mtu kapasua mfuko uliojazwa hewa, alafu ikaanza sauti, dada, sauti ya birika. Lile birika linalopiga mluzi maji yakichemka. Nikikanyaga linalia, nikiachia linanyamaza. Na gari nguvu hakuna kabisa, taa ya injini imewaka, nikiangalia kioo naona nyuma moshi mweusi tii.

ZUHURA: Kwenye simu ulisema filimbi.

KASSIM: Pale nilikuwa na wasiwasi nikasema tu neno la kwanza lililokuja. Ni birika. Hivi: sssssss-fiiii.

ZUHURA: Ebu rudia. Ilianza na upepo au na mluzi?

KASSIM: Upepo kwanza. Ssssss, alafu fiii kwa mbali.

ZUHURA: Basi hapo ndo penyewe. Sikilizeni, turbo nzima nayo ina mluzi wake, mwembamba, unapanda kadri unavyokanyaga, maana ile shafti ndani inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na zile ndogo zinapita hata 200,000, sa kitu kinachozunguka hivo kitakaaje kimya? Mluzi peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni mluzi uliobadilika. Ukisikia king'ora, uuuiiiii kama gari la wagonjwa linakuja, hapo beringi zimelika au mapanga yanakwangua ukuta. Ukisikia upepo gari ikiwa na mzigo, nguvu hakuna, moshi mweusi, basi hewa inatoroka kati ya turbo na injini. Moshi unakuwa mweusi kwa sababu dizeli imeshapulizwa ndani lakini hewa ya kuichoma haijatosha.

KASSIM: Kwa hiyo birika ni hewa inayotoroka.

ZUHURA: Birika lako, ndiyo.

KASSIM: Sa sikiliza. Asubuhi nikaipeleka gereji iliyokuwa karibu, fundi akachomeka mashine, ikatoka namba ya hitilafu, P0299, akachomoa mashine, akaniambia turbo imekwisha, tafuta nyingine. Boneti hata hakuifungua! Na mi nilikuwa nishaanza kukopa.

ZUHURA: Hii inaniuma sana, naisema bila kuficha. P0299 inasema hivi tu: presha ya hewa iliyopatikana ni ndogo kuliko ile injini iliyoomba. Haijasema turbo imekufa. Mpira ukipasuka inatoka hiyohiyo, klipu ikilegea hiyohiyo, kimpira chembamba cha vakyumu kikichanika hiyohiyo, vile vipanga vinavyoongoza moshi ndani ya turbo vikiganda kwa masizi hiyohiyo. Turbo inasingiziwa kuliko kifaa kingine chochote kwenye dizeli, na mtu anauza vitu vya ndani anunue nyingine, anafungiwa, gari inatoka bado haivuti kwa sababu mpira uliopasuka umerudishwa ulivyokuwa.

KASSIM: Wangu ulikuwa na ufa urefu wa kidole. Chini kabisa ya mpira wa interkula, kile kipoza hewa kati ya turbo na injini, pale unapoingia kwenye klipu, huuoni mpaka upitishe mkono.

ZUHURA: Na mkono ukatoka na oili, unakumbuka? Ndo maana nasema pitisha mkono. Oili kidogo humo ndani ni kawaida, imebebwa na mvuke wa injini, lakini ikionekana nje ya mpira inakuonyesha hewa inapotokea. Gari ikiwa imesimama inanguruma tu ufa umejifunga, unafunguka presha ikija. Tulichofanya tukaziba mdomo wa kuingilia hewa, tukajaza upepo kidogo, tukapaka maji ya sabuni kwenye mipira yote...

KASSIM: Na povu likachemka! Si nilikwambia birika!

ZUHURA: (anacheka) Likachemka kweli.

KASSIM: Sa dada, niliporusha ile sauti niliyorekodi wasikilizaji wametuma za kwao, ziko nyingi, nimechagua tatu. Karatasi isubiri. Ya kwanza hii.

(Sauti ya rekodi: mluzi mwembamba unapanda na kushuka.)

ZUHURA: Nguvu ipo?

KASSIM: Kaandika gari inavuta vizuri, moshi hakuna, ila mluzi anausikia tangu aliponunua gari miaka miwili iliyopita.

ZUHURA: Huyo aendelee na maisha yake. Miaka miwili sauti ileile na gari inavuta, hiyo ni turbo inafanya kazi. Asimruhusu mtu aifungue.

KASSIM: Ya pili.

(Sauti ya rekodi: mlio mzito kama king'ora, unaendelea kidogo baada ya injini kushuka.)

ZUHURA: Aaah. Hiyo sijaipenda. Umesikia injini imeshashuka lakini ule mlio unashuka polepole nyuma yake? Huyo leo asiendeshe. Avue mpira wa kuingilia hewa gari ikiwa imepoa na imezimwa, ashike ncha ya shafti kwa vidole. Ikicheza kidogo pembeni, juu na chini, asiogope, zile beringi nyingi zinaelea kwenye oili na gari ikizimwa oili imeshuka. Ila ikienda mbele na nyuma mpaka uisikie kabisa kwenye kidole, au panga linagusa ukuta, au mapanga yameliwa ncha, hiyo imekwenda. Mwandikie sasahivi Kassim, usingoje kipindi kitoke.

KASSIM: Namwandikia... tayari. Ya tatu.

(Sauti ya rekodi: mluzi mkali, umesimama palepale, haupandi wala haushuki.)

ZUHURA: Irudie. ... Hii haifuati injini. Kwani injini iko wapi hapa?

KASSIM: Sikiliza vizuri mwishoni.

(Sauti ya rekodi: mluzi unakatika, vikombe vinagongana.)

ZUHURA: Kassim! Hili ni birika!

KASSIM: (anacheka sana) Ni birika la kweli! Katuma birika la jikoni kwake!

ZUHURA: Jamani. Lakini mnaona, nimelijua kwa sababu halifuati mzigo. Sauti ya turbo lazima ifuate mguu wako, ukikanyaga ipande ukiachia ishuke, kitu kinacholia palepale tu kitafute kwingine, labda...

KASSIM: Labda chai iko tayari.

ZUHURA: Haya, basi. Karatasi. Lakini kabla ya karatasi kuna kitu nimekinyamazia tangu mwanzo. Baada ya ile "puf" uliendesha umbali gani?

KASSIM: Kama kilomita 40.

ZUHURA: Kilomita 40. Kaka, pale ulitakiwa uzime palepale uvutwe.

KASSIM: Dada ile ni kona, ni mlima, ni saa tano usiku, pembeni hakuna pa kuegesha, malori yanashuka. Nilijisogeza mpaka juu kidogo nikasimama, nikachomoa stiki ya oili iko sawa, taa ya oili haijawaka, moshi wa bluu, ule wa oili inayoungua, hakuna, nikaenda polepole bila kukanyaga.

ZUHURA: Uliangalia vizuri, hilo nakupa. Lakini hukujua ni mpira. Tumejua asubuhi. Ingekuwa shafti imekatika je? Oili ya turbo inaingia njia ya hewa, na injini ya dizeli haina plagi za cheche useme ukizima funguo cheche imekatika, ile inachoma chochote kinachowaka kikifika ndani. Itakunywa oili yake yenyewe, inapanda inapanda, unageuza funguo haizimi, mpaka oili iishe au injini ipasuke. Nimeiona mara moja na sitaki kuiona tena, tulikimbia sote. Ni kuziba hewa kwa ubao au kitu kigumu, usithubutu mkono, au kama ni gia za mkono unaweka gia kubwa unakaba breki unaachia klachi ife kwa nguvu.

KASSIM: Nakuamini. Lakini dalili sikuziona.

ZUHURA: Dalili zinakuja sekunde chache kabla. Ukiuona moshi wa bluu ushachelewa.

KASSIM: Na kukaa kwenye kona usiku malori yanashuka nako nikuite nini? Injini inanunuliwa dada.

ZUHURA: Ndo maana nasema ukishafika pale juu, penye nafasi, basi. Zima, weka pembetatu, kaa mbali na gari, piga simu. Hukuwa na sababu ya zile kilomita zilizobaki.

KASSIM: Simu haikuwa na mtandao.

ZUHURA: Ungesubiri gari lipite.

KASSIM: Usiku ule? Peke yangu, na mzigo wa watu? Hapana. Kesho ikinitokea nitafanya vilevile, nitaangalia oili, nitaangalia moshi, nitaenda taratibu.

ZUHURA: Na mi kesho ukinipigia nitakwambia vilevile, zima.

KASSIM: ...

ZUHURA: ...

KASSIM: Haya. Naoneshwa hapa dakika tatu zimebaki.

ZUHURA: Tatu? Na mambo matano? Basi nachukua moja tu, hili nililolipigia mstari. Kama kweli turbo imekufa, usifunge nyingine kabla hujajua ile iliuawa na nini. Bomba dogo la kupeleka oili mara nyingi limejaa oili iliyoungua ikawa kama mkaa, turbo mpya inawashwa beringi kavu, haimalizi wiki. Bomba jipya, filta mpya, oili mpya ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Na fundi mwenzangu nakuomba, gasketi ya pale oili inapoingilia usipake silikoni, ile inamenyeka inaingia kwenye tundu inaziba. Mimina oili safi kwenye turbo kabla hujafunga bomba, alafu zungusha injini kwa stata bila kuiacha iwake mpaka oili ifike. Na bomba la kurudisha oili, na kipumuo cha injini, vikiziba hivyo oili inakosa pa kurudi, inavuja kupitia turbo ambayo ni nzima, na watu wanaibadilisha...

KASSIM: Inasingiziwa tena.

ZUHURA: Inasingiziwa tena! Na ile ya kuacha injini ingurume dakika moja au mbili baada ya kupanda mlima, oili isiungulie ndani ya turbo iliyo moto, hiyo ilikuwa namba tatu, namba nne ni filta ya hewa, ila...

KASSIM: Muda umeisha dada. Karatasi itakuja tena kipindi kijacho.

ZUHURA: Na filta ya dizeli.

KASSIM: Na filta ya dizeli. Dada, kitu kimoja kabla hatujazima. Mpira nimebadilisha, gari inavuta, moshi hakuna, ile P0299 haijarudi. Lakini jana nikiwa na mzigo nikahisi kama bado kuna ka-fiii. Kadogo.

ZUHURA: Kenye upepo mbele au mluzi mtupu?

KASSIM: Mluzi mtupu. Nafikiri.

ZUHURA: Unafikiri. Funguo iko wapi? Twende nje nikaisikie.