Hodi kwenye mlango wa seli

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nieleze jinsi seli zinavyopashana habari, nikaonywa nisilete maneno magumu. Nitajitahidi, ila mawili matatu hayakwepeki.

Tuanze na mbwa. Unarudi nyumbani usiku, kwenye kona anatokea mbwa hana mnyororo. Hujajua hata ukimbilie wapi, tezi zilizokaa juu ya figo zimeshamwaga adrenalini kwenye damu. Ini linapata habari, linaanza kuvunja akiba yake ya glikojeni iwe sukari, miguu ipate cha kuchoma. Sasa, adrenalini inamwambia nani huko kwenye ini, na inamwambiaje? Swali hilo lilimshughulisha Mmarekani Earl Sutherland miaka ya 1950.

Yeye na mwenzake Theodore Rall walisaga ini. Walilisaga mpaka seli zikapasuka, wakatia adrenalini, na kazi ikafanyika vilevile, ingawa wengi wakati ule waliamini homoni, yaani mjumbe wa kwenye damu kama adrenalini, haina la kufanya kwenye seli iliyokwisha kuvunjwa. Wakauzungusha uji ule kwenye mashine, mazito yakatuama, maji yakabaki juu. Wakatia adrenalini kwenye yale maji: kimya. Wakarudisha mashapo, ambayo ndani yake mna vipande vya utando wa seli: kazi ikaanza tena.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda mno. Waliyapa mashapo peke yake adrenalini na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kisha wakachemsha. Ukichemsha protini unaiharibu, tazameni yai. Lakini maji ya mchanganyiko ule uliochemshwa, yalipotiwa kwenye maji yaliyokuwa kimya, yaliamsha kimeng'enya, yaani protini mchapakazi, cha kuvunja glikojeni. Maana yake utando ulikuwa umetengeneza kitu kidogo kisichoogopa moto. Kitu hicho tunakiita saikliki AMP, na mwaka 1971 Sutherland alipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo adrenalini ni mgeni anayepiga hodi wala haingii. Anashika kipokezi kilichochomoza nje ya utando, basi. Ndani, mwenyeji anatuma mtoto mbio jikoni, na mtoto huyo ndiye saikliki AMP. Vitabuni anaitwa mjumbe wa pili.

Kati ya mlango na mtoto kuna mtu mwingine, protini G. Martin Rodbell na Alfred Gilman walipata Nobel ya mwaka 1994 kwa ajili yake. Ni swichi. Ikishika molekuli ya GTP, ndugu wa ATP, inawaka, na mtoto anatumwa. Halafu, na hapa naomba mnisikilize vizuri, inaikata GTP hiyo yenyewe na kujizima. Hakuna anayekuja kuizima. Mgeni akibisha tena, itawaka tena.

Wahenga wanasema mjumbe hauawi. Kwenye seli, mjumbe lazima auawe, tena haraka: kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja saikliki AMP. (Kijana wa mbele ananiangalia kwa huruma.) Mimi nimesoma habari hizi miaka mingi, na nikiulizwa seli inahitaji ustadi gani zaidi, sitasema kusikia. Nitasema kunyamaza.

Mfano wa seli iliyoshindwa kunyamaza tunaujua kwa jina chungu. Unguja kipindupindu kiliua watu wengi kilipoingia mwaka 1869, na mpaka leo hakijatuacha. Mwaka 1959 huko Calcutta, Sambhu Nath De alionyesha kwa kutumia utumbo wa sungura kwamba anayeumiza ni sumu inayotolewa na bakteria. Sumu ile ina sehemu tano za kushikia utando na moja ya kufanya uhalifu. Hiyo moja ikishaingia kwenye seli ya utumbo mwembamba, inabandika kipande cha kemikali juu ya protini G, mahali palepale inapotumia kujizima. Swichi imekwama ikiwaka. Saikliki AMP inafurika, milango ya kloridi inabaki wazi, kloridi inatoka, sodiamu inafuata, na maji yanafuata chumvi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita 1 kwa saa, choo kikiwa kama maji yaliyooshewa mchele. Ukuta wa utumbo wenyewe mzima, haukutoboka popote. Seli zinatii tu amri ambayo hakuna aliyeitoa.

Naona mkono kule nyuma. Mama anauliza: yale maji ya sukari na chumvi, ndiyo yanayozima hiyo swichi?

Hapana, mama. Hayaigusi. Kwenye seli zilezile kuna mlango mwingine usiohusika na ugomvi huu. Mlango huo unapitisha sukari na sodiamu zikiwa zimefuatana. Robert Crane alieleza jambo hilo mjini Prague mwaka 1960. Wakipita wawili hao, maji yanapita nao. Ndiyo sababu chumvi peke yake haifui dafu. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipoelekea kwisha, Dilip Mahalanabis alichanganya glukosi na chumvi kwenye mapipa, ndugu wa wagonjwa wakanywesha. Vifo vilishuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya 4. Kama pakiti ya dukani haipo: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku safari ya hospitali inaandaliwa.

Na swichi? Seli iliyokwama haitengenezwi. Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha kila baada ya siku tatu hadi tano, basi seli ile inabanduka na kwenda zake, na changa iliyokuwa chini inapanda kushika nafasi.